Tumbo Hutulia Lenyewe, Sifa Huchukua Chupa

Usiku mmoja nilikula kupita kiasi, nikalala kabla chakula hakijashuka, na kiungulia kikaniamsha kwa moto uliopanda kutoka chembe cha moyo hadi kooni. Nilitia kijiko kidogo cha chumvi ya matunda katika bilauri ya maji, nikaitazama ikifoka mapovu, nikainywa kabla haijatulia, na baada ya dakika chache nikabeua kwa kishindo ambacho mbele za watu kingenitia haya. Moto ukazimika, nami nikarudi kulala nikiisifu ile dawa. Asubuhi ndipo nilipojiuliza swali ambalo mtu aliye katika maumivu hajiulizi: kama nisingekunywa kitu chochote, je, nisingeamka nikiwa mzima vilevile?

Sidai kwamba chumvi ile haikufanya kazi. Baikaboneti ya sodiamu iliyomo ndani yake ikikutana na asidi ya haidrokloriki iliyomo tumboni huzaa chumvi, maji na gesi ya kaboni dayoksaidi, na ule mbeuo ulikuwa ni gesi hiyo ikitafuta njia ya kutokea. Hata hivyo, kuvimbiwa, kiungulia, mafua na kuumwa kichwa ni maradhi ambayo mara nyingi huja na kuondoka kwa hiari yake, kwa hiyo chochote unachokinywa wakati yanapofunga virago hupata sifa ya kuyafukuza. Juu ya sifa hiyo ya kuokota ndipo lilipojengwa jumba zima la biashara iliyojulikana Uingereza na Marekani kama dawa za hataza, yaani dawa za siri zilizouzwa kwa nguvu ya matangazo, na nadhani hatutaielewa biashara hiyo tukiishia kuwaita wauzaji wake matapeli na wanunuzi wake wajinga. Mnunuzi alikuwa na ushahidi wake: alimeza, akapona. Angekujibu hivyo hata mbele ya hakimu, na asingekuwa anasema uongo.

Jina lenyewe la dawa hizo lina kichekesho. Hataza, yaani hati ya kulinda uvumbuzi, humtaka mvumbuzi aufichue uvumbuzi wake ili alindwe kwa muda, ilhali wengi wa watengenezaji hao hawakuwa tayari kufichua lolote. Jina lilitokana na hati za kifalme walizopewa baadhi ya watengenezaji wa mwanzo huko Uingereza. Wengi wa waliofuata walilinda jina la biashara, umbo la chupa na picha ya kwenye lebo, huku kilichomo wakikiacha gizani. Serikali ya Uingereza nayo, kwa sheria ya mwaka 1783, ikaanza kuzitoza dawa hizo ushuru ulioonyeshwa kwa stempu iliyobandikwa kwenye kila kifurushi, na wapo wanunuzi walioichukulia stempu hiyo kuwa muhuri wa ubora. Ilikuwa risiti ya kodi tu. Ushuru huo ulidumu hadi mwaka 1941.

Katika kundi hilo zima, vidonge vya Beecham ndivyo vinavyonivuta zaidi. Thomas Beecham alichunga kondoo utotoni, akaanza kuuza vidonge vyake masokoni katika miaka ya 1840, na mwaka 1859 akawa na kiwanda mjini St Helens, kaskazini-magharibi mwa Uingereza. Matangazo yake yalidai kwamba kisanduku kimoja kina thamani ya gini moja, yaani shilingi 21. Orodha ya maradhi yaliyotibiwa ilitaja gesi na maumivu ya tumbo, tumbo kujaa baada ya kula, kizunguzungu, kukosa hamu ya chakula na kupungukiwa pumzi, na haikuona haya kufika hadi kwenye ndoto za kutisha. Mwaka 1909 Chama cha Madaktari cha Uingereza kilichapisha kitabu cha matokeo ya kuzipima dawa za siri katika maabara, na ndani ya vidonge hivyo mlikutwa shubiri, tangawizi na sabuni. Basi. Malighafi ya vidonge 56 iligharimu takribani nusu ya fadhingi, yaani sehemu ya nane ya peni, na kisanduku kikauzwa shilingi 1 (yaani peni 12) na peni 1 na nusu, bei inayozidi gharama hiyo zaidi ya mara 100.

Sisi tunaosema Kiswahili huitaja shubiri tunapotaka kipimo cha uchungu, na aliyewahi kuinywa anajua kwamba haishii kwenye ulimi. Ni haluli kweli kweli. Mtu ambaye hajapata choo kwa siku tatu, kichwa kizito, tumbo limejaa, akimeza vidonge vya namna hiyo usiku, asubuhi anakuwa na jambo la kusimulia, na dawa inayomtuma mtu msalani kwa haraka huonekana kuwa na nguvu kuliko ile inayofanya kazi kimyakimya. Kwa hiyo naamini ushuhuda wa wateja wengi wa Beecham ulikuwa wa kweli. Uongo ulikuwa katika kuinyoosha shubiri hadi ifike kwenye mapafu na ndotoni. Marekani, vidonge vidogo vya ini vya Carter vilikuwa na shubiri hiyohiyo. Tume ya Biashara ya Shirikisho iliwashtaki watengenezaji mwaka 1943 kwa hoja kwamba vidonge hivyo havilitibu ini, na neno “ini” lilikuja kuondoka kwenye jina mwaka 1959. Kesi ya miaka 16 kwa ajili ya neno moja!

Kulikuwa na mambo mabaya kuliko shubiri. Dawa chungu ya tumbo ya Hostetter ilikuwa na pombe yenye nguvu inayokaribia ya wiski, kwa hiyo mtu aliyeapa kutogusa kileo aliweza kulewa kwa jina la matibabu, na dawa ya maji ya Mama Winslow ya kuwatuliza watoto wanaoota meno ilikuwa na mofini, dawa kali ya kulevya itokanayo na afyuni. Mwaka 1905 mwandishi Samuel Hopkins Adams alizifichua dawa za namna hii katika jarida la Collier's, na mwaka uliofuata Bunge la Marekani likapitisha sheria ya vyakula na dawa. Sheria hiyo haikuipiga marufuku mofini wala pombe katika dawa hizo. Ililazimisha tu kwamba zikiwemo, lebo iseme hivyo na itaje kiasi. Mwaka 1911 Mahakama Kuu ikaamua kwamba sheria hiyo haikugusa madai ya uongo kuhusu uwezo wa kuponya, Bunge likaziba pengo mwaka 1912, lakini likaitaka serikali ithibitishe kwamba muuzaji alikusudia kudanganya. Muuzaji alibakiwa na utetezi rahisi: naamini dawa yangu kwa moyo wote.

Ndiyo maana mimi nina imani ndogo na sheria zinazopima nia, na imani kubwa na zile zinazodai orodha ya vilivyomo. Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza, na tangazo la mbele ya kisanduku ndilo linalojitembeza. Upande wa nyuma, wenye herufi ndogo, ndio unaoeleza ulichonunua. Mtu mwenye shinikizo la damu akisoma “baikaboneti ya sodiamu” anaweza kujua kwamba sodiamu hiyo haimfai. Mtu anayesoma “mchanganyiko wa asili wa siri ya ukoo” hajui chochote, na hali yake haina tofauti na ya mteja wa Beecham.

Haki ya dawa za zamani nayo isemwe. Magnesia na chokaa zilipunguza asidi enzi zile kama zinavyoipunguza leo. Bismathi, aina ya metali ambayo chumvi zake zilitumika kwa maradhi ya tumbo tangu karne ya 18, ilikuja kudhihirika kuwa na uwezo wa kuwadhuru bakteria ambao watoaji wake wa mwanzo hawakujua hata kwamba wapo. Ni bakteria aina ya Helicobacter pylori, waliotambuliwa na Robin Warren na Barry Marshall mjini Perth, Australia. Madaktari wengi waliamini kwamba vidonda vya tumbo huletwa na asidi na mawazo mengi, hadi mwaka 1984 Marshall alipokunywa mwenyewe maji yenye bakteria hao, akapata uvimbe wa utando wa ndani ya tumbo na kuanza kutapika. Wawili hao walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2005. Kwa miongo mingi kabla ya hapo wagonjwa wa vidonda walikunywa dawa za kutuliza asidi, wakapata nafuu, kidonda kikarudi, wakanunua tena.

Ninawaelewa, kwa sababu usiku wangu wa chumvi ya matunda haukuwa wa mwisho. Nilihamia kwenye tembe za chokaa zenye ladha ya mnanaa, nikazitafuna kwa karibu miaka miwili, na kila mara zilinituliza, nami kila mara nilihesabu kutulia huko kuwa ni kupona. Hatimaye nilipelekwa kwenye kipimo cha pumzi: nikapuliza mfuko wa kwanza, nikanywa maji yaliyotiwa yurea, nikasubiri nusu saa, nikapuliza mfuko wa pili. Bakteria walikuwamo. Nilipewa antibayotiki mbili na dawa ya kupunguza asidi, zote kwa siku 14, na moto ule wa chembe cha moyo haujarudi.

Nikiwa nasubiri zamu ya mfuko wa pili, bila kazi nyingine, niliitoa paketi ya tembe mfukoni nikaigeuza. Nyuma yake paliandikwa kwamba zisitumike kwa zaidi ya wiki mbili bila kumwona daktari. Maneno hayo yalikuwapo tangu paketi ya kwanza.