Kotisoli ya jikoni: tone lipo, maswali hayapo

Saa mbili na nusu asubuhi, shemeji yangu anayetunza wazee huko Leicester, Uingereza, alitoka zamu ya usiku, akaloweka mkono wa kushoto kwenye bakuli la maji ya moto, akajitoboa ubavuni mwa kidole cha kati na kuanza kukinga damu ya kipimo cha nyumbani cha homoni ya kotisoli. Kichupa chenyewe hakizidi kifuniko cha kalamu, na kina mstari ambao damu lazima iufikie. Matone ya mwanzo yalishuka yenyewe. Baada ya hapo akawa anakamua kidole kama mtu anayekamua ndimu iliyokauka.

Bahasha ikaenda posta. Siku chache baadaye majibu yakaingia kwenye simu: kotisoli nanomoli 190 kwa lita, na pembeni neno la kijani, kawaida. Akanitumia picha. "Shem, kumbe niko fiti. Sasa huu uchovu wa nini?"

Nilikaa maabara miaka kadhaa kabla ya kuhamia kwenye kuandika, na kusema kweli vipimo hivi sivichukii. Kotisoli hutengenezwa na tezi za adrenali, zile mbili zilizokaa juu ya figo kama kofia, na ndiyo inayosaidia kushikilia presha, sukari ya damu na nguvu ya mwili kupambana na maradhi. Ikipungua sana mtu huchoka, hukonda, hupata kizunguzungu akisimama, hutamani chumvi. Thomas Addison alieleza ugonjwa huo London mwaka 1855, enzi ambazo kifua kikuu ndicho kilikuwa kikiziharibu sana tezi hizi, na kwetu bado kinaziharibu. Dalili zake nyingine ni ngozi kuwa nyeusi zaidi. Kwa mtu mweusi alama hiyo hupita bila kuonekana, mpaka mtu aangalie fizi na mistari ya viganja. Mgonjwa wa namna hii anaweza kuzunguka kliniki hata mwaka akiambiwa ni malaria au ni mawazo. Kama kichupa cha posta kingemfikisha mapema kwa daktari, nani angekikataa?

Tena damu kidogo si damu duni. Majimbo yote ya Marekani hupima watoto wachanga hitilafu ya kuzaliwa nayo ya tezi hizi kwa matone ya kisigino yaliyokaushwa kwenye karatasi. Tanzania na Kenya zimepima virusi vya UKIMWI kwa maelfu ya watoto kwa njia hiyohiyo, kadi zikisafirishwa kutoka zahanati za mbali hadi maabara kubwa. Na nyumbani kuna faida ambayo hospitali haina: unapima palepale unapoamka. Ukienda kliniki unaweza kukaa foleni hadi saa tano, na saa tano si saa ya kotisoli.

Homoni hii ina saa zake, na zinafanana na saa za Kiswahili. Siku yake huanza alfajiri. Kwa anayelala usiku hupanda hadi kileleni muda mfupi baada ya kuamka, kisha hushuka taratibu hadi iwe chini kabisa karibu na saa sita usiku. Ndiyo maana mwongozo wa mwaka 2024 wa NICE, taasisi inayotunga miongozo ya tiba Uingereza, unataka damu ya saa mbili hadi saa tatu asubuhi. Ikiwa chini ya 150, mtu apelekwe kwa bingwa wa homoni. Ikizidi 300, upungufu ni jambo la mbali. Katikati hapo, pima tena. Sasa itazame ile 190 yenye rangi ya kijani. Maabara nyingi huandika kiwango cha kawaida kuanzia kama 130 hadi 540, basi kompyuta ikampa shemeji yangu kijani, wakati daktari angemwambia arudie. Na hata saa yenyewe haikuwa saa: kwa mtu aliyekesha, saa mbili na nusu asubuhi ni jioni yake.

Hapo ndipo ninapoachana na wauzaji. Kukamua kidole ni kosa dogo. Huchanganya damu na maji ya mwilini na kupasua chembe, jambo linaloharibu zaidi kipimo cha potasiamu. Kosa kubwa ni namba kusafiri bila mwenyewe. Vidonge vya uzazi wa mpango vyenye estrojeni huipandisha kotisoli ya kwenye damu bila mtu kuwa na ugonjwa. Bayotini, ile ya kukuza nywele na kucha, huzidanganya baadhi ya mashine; mamlaka ya dawa ya Marekani ilitoa onyo juu yake mwaka 2017. Prednisoloni, dawa ya steroidi iliyo ya jamii moja na kotisoli, inaweza kusomeka kama kotisoli yenyewe. Fomu ya shemeji ilimuuliza umri, jinsia na namba ya kadi ya benki.

Halafu kuna biashara ya "uchovu wa adrenali", dai kwamba mawazo ya muda mrefu huzichosha tezi hizi; jina hilo alilibuni James Wilson, tabibu wa tiba mbadala wa Marekani, mwaka 1998. Mwaka 2016 watafiti wawili wa Brazil walipitia tafiti 58 wasiuone ugonjwa huo. Lakini vifaa vingi huuzwa kwa mlango huo, na baada ya majibu hufuata virutubisho vya kununua. Nikilinganisha, kipimo cha nyumbani ninachokikubali ni kama kile cha Sheffield kilichochapishwa mwaka 2023: mgonjwa anatafuna pamba mara anapoamka, mate yanapelekwa kwa posta, na ndani yake hupimwa kotisoni, ambayo kotisoli hugeuka kuwa hiyo ikifika kwenye mate. Kiliwatambua wagonjwa vizuri kiasi kwamba wengi wangeweza kuepushwa safari ya hospitalini kudungwa sindano ya kuzijaribu tezi. Tofauti yake na bahasha ya Leicester ni kwamba aliyekiagiza ni daktari anayemjua mgonjwa.

Nilimpigia shemeji. Swali la kwanza lilikuwa la usingizi, jibu nilikuwa nalo. La pili: unapaka nini?

"Mafuta ya kawaida tu."

"Shem."

Kimya kidogo, kisha ikaja picha ya kopo, aina ya yale yanayouzwa chini ya kaunta kwenye maduka ya vipodozi, na mtu akiyapata hachelewi kuyatia kwenye mkorogo wake. Nikavuta picha mpaka maandishi madogo yakasomeka: klobetasoli. Ni steroidi kali mno; ikipakwa mwili mzima kwa miezi, tezi huona homoni imekuja tayari na kuacha kuitengeneza. Nikamwambia asilitupe wala asiache kupaka ghafla, maana tezi iliyolala haiamki siku moja. Aweke miadi na daktari wiki hii hii, na kopo aende nalo.