Akiba ya Umeme Huoza

Wahenga walisema akiba haiozi. Hawakuwahi kumiliki betri ya lithiamu.

Yangu, ile ya kubebeka yenye soketi kama za ukutani, niliinunua kwa ajili ya dharura, na nikaitendea kama kitu cha dharura: nikaichaji ikajaa, nikaisukumia chini ya kitanda, nikalala usingizi wa mtu aliyejipanga. Miezi kadhaa baadaye umeme ukakatika usiku. Nikaita watu wote wa nyumbani waje kuona, nikaiburuta kwa mbwembwe, nikabonyeza kitufe. Skrini ikaonyesha asilimia 9. Kumbe siku chache kabla mtu aliichukua kuchajia simu, akasahau kuzima upande wa soketi, na inveta, kile kifaa cha ndani kinachogeuza umeme wa betri uwe kama wa ukutani, ikaendelea kujilia taratibu bila kuendesha chochote. Kipengele cha kujizima chenyewe kilikuwepo. Nilikuwa nimekiondoa mimi mwenyewe, kwa sababu kilikuwa kikikata vifaa vidogo nikidhani vimeharibika.

Tangu siku ile, mtu akiniuliza anunue ipi, swali langu la kwanza ni: utaitumiaje siku ambayo umeme upo? Asiye na jibu namshauri asubiri kwanza. Betri inayofanya kazi kila siku unaijua chaji yake, kelele zake na udhaifu wake. Ile ya chini ya kitanda unakutana nayo gizani kama mgeni.

Sasa tuje kwenye namba, maana hapo ndipo wengi huliwa. Boksi huandikwa wati kwa herufi kubwa na wati-saa kwa herufi za sisimizi. Mfikirie hamali. Wati zinakuambia anaweza kujitwika mzigo mzito kiasi gani. Wati-saa zinakuambia atafika wapi kabla ya kuchoka. Mashine ya wati 2000 yenye wati-saa 500 ni hamali mwenye misuli anayekaa chini baada ya robo saa. Wengine hukwepa kabisa na kuandika milliampea-saa, kwa sababu 270,000 inatisha zaidi. Zidisha milliampea-saa kwa volti ya seli, mara nyingi 3.7, kisha gawa kwa 1000: unapata wati-saa 999. Kumbe ni mashine ya kawaida ya saizi ya kati.

Na hizo wati-saa 1000 hutazipata zote. Ukipitia zile soketi za aina ya ukutani, tegemea kama 850. Zilizobaki huishia kwenye joto la inveta. Hilo linavumilika. Kinachonikera ni ulaji wa inveta yenyewe ikiwa imewashwa tu, ambao watengenezaji wengi hawauandiki mahali pa kuonekana. Chukua inveta inayokula wati 10. Kwa siku nzima hizo ni wati-saa 240, karibu robo ya betri, bila kuwasha hata balbu. Ukichomeka ruta ya wati 10 kwenye soketi hiyo, unalisha vinywa viwili vinavyolingana: betri itadumu kama saa 50. Ruta hiyo hiyo ukiipa umeme moja kwa moja kutoka tundu la volti 12, kama nayo ni ya volti 12 na plagi yake inaingia, inveta ukaizima, unakaribia saa 90. Waya mdogo tu unakuongezea zaidi ya siku moja na nusu ya intaneti. Sijaona tangazo linalosema hivyo.

Kwa vitu vidogo vya namna hii ndipo mashine hizi zinang'ara: ruta, simu, kompyuta mpakato, balbu za LED za wati 9, feni. Kwenye joto zinaumbuka. Kuchemsha lita moja ya maji hula takriban wati-saa 100 au zaidi kidogo, yaani moja ya kumi ya betri ya wati-saa 1000 kwa birika moja. Kwa umeme huo huo balbu ingewaka usiku kucha. Kuna watengenezaji wanaojisifu kwamba mashine yao ndogo inaweza kuendesha birika kubwa kwa kipengele maalumu. Ni kweli, lakini inachofanya ni kupunguza volti hadi birika lidai nguvu kidogo, na maji yachemke kwa kujikongoja. Usijaribu mchezo huo kwenye televisheni au kitu chenye mota.

Friji ndilo swali la kila mtu, nami nalijibu kwa kirefu. Kompresa ikiwa katika mwendo wake huenda ikadai wati 100 tu, lakini sekunde ile ya kuanza hudai mara kadhaa ya hapo. Kwa hiyo tazama pia namba ya kilele, ile ya muda mfupi, na hakikisha inveta inatoa wimbi safi la sine, yaani umeme unaopanda na kushuka kwa ulaini kama ule wa ukutani. Wimbi la ngazi-ngazi huzifanya mota zinung'unike na kupata moto. Kwa siku, friji nyingi za nyumbani hula kati ya wati-saa 700 na 1500. Maana yake betri ya wati-saa 1000 inakupa kama siku moja, pengine pungufu. Lakini nani kasema lazima uichomeke dakika umeme unapokatika? Friji isiyofunguliwa hubaki baridi kwa kama saa 4, na friza iliyojaa hufika hata saa 48. Acha mlango umefungwa, subiri, kisha uiwashe kwa vipindi. Adui mkubwa wa friji wakati huo ni mtoto anayekuja kuchungulia kila baada ya dakika tano.

Kuhusu aina ya betri sina mjadala mrefu. Tafuta maandishi LiFePO4, lithiamu ya chuma na fosfeti. Hizi kwa kawaida huhimili mizunguko 3000 au zaidi ya kujazwa na kumalizwa kabla ya kushuka hadi asilimia 80 ya uwezo wake. Zile za nikeli, manganizi na kobalti mara nyingi huwa kati ya 500 na 1000. Kwa anayetaka kuitumia kila siku, kama ninavyohimiza, tofauti hiyo ni ya miaka. Gharama yake ni mgongo: mashine ya wati-saa 1000 huwa na kilo 10 hadi 14, na neno "kubebeka" ukilisikia hapo ujue limeandikwa na mtu aliyeibeba kutoka mezani hadi kwenye kamera. Pia betri ya aina hii haipendi kuchajiwa ikiwa kwenye baridi ya chini ya sifuri.

Paneli ya sola ya wati 200 haitakupa 200. Siku nzuri, ukiielekeza vizuri, ni 120 hadi 150, na kivuli cha tawi moja kinaweza kuibomoa hesabu hiyo. Kabla ya kuunganisha paneli mbili mfululizo, linganisha jumla ya volti zao na kikomo kilichoandikwa kwenye tundu la mashine; ukikipita, unaiunguza.

Kuna nyumba ambazo dharura ni pumzi ya mtu. Mashine ya kuzalisha oksijeni inaweza kula kama wati 300. Piga hesabu kwa ile betri ya wati-saa 1000: 850 gawa kwa 300, hazifiki saa tatu. Betri hiyo inamvusha mgonjwa hadi mahali penye msaada, haimlazi usiku kucha. Vilevile, anayetaka ishike mzigo papo hapo aulize inachukua milisekunde ngapi kubadili kutoka umeme wa ukutani kwenda wa betri. Nyingi huchukua 10 hadi 30, ambazo kompyuta kwa kawaida huzivumilia.

Je, jenereta? Siku ya kwanza betri inashinda: haina moshi, unaweza kulala nayo chumba kimoja, wakati jenereta ndani ya nyumba huua kwa kaboni monoksaidi bila kubisha hodi. Siku ya tatu, mawingu yakiwa yametanda, jenereta yenye mafuta ndiyo itakayocheka.

Ukishainunua, usiiamini. Wiki ya kwanza, wakati bado unaweza kuirudisha, ijaze, chomeka feni ya wati 50, iache hadi izime, uhesabu saa. Ya wati-saa 1000 inapaswa kufika saa 16 hivi. Ikikupa 11, ifungashe. Kisha jioni moja zima swichi kuu ya nyumba kwa makusudi. Utagundua kwamba waya ni mfupi, kwamba tochi hujui iko wapi, na kwamba feni ya kupozea mashine ina kelele kuliko ulivyoambiwa.

Yangu siku hizi inakaa kando ya meza ya kazi. Inalisha ruta na kompyuta kila siku, na nimeipangia isichaji zaidi ya asilimia 80, kwa kuwa kukaa imejaa muda wote, hasa penye joto, huizeesha. Mara moja kwa mwezi naiacha ifike 100, maana volti za betri za aina hii hazishuki kwa mpangilio unaosomeka, na kipimo chake kisiposahihishwa huanza kubahatisha. Tangazo la dhoruba likitoka, naijaza.

Juzi nilikuwa naandika barua, nikahisi chumba kimekuwa kimya. Ilinichukua muda kuelewa kwamba feni ya darini imesimama, na kwamba nje kote ni giza. Kompyuta ilikuwa inaendelea, ruta vilevile. Niliinama nikatazama skrini: asilimia 78. Safari hii sikumwita mtu.