Kanzu Nyeupe, Shamba la Zambarau

Mwanamke wa Kipemba akishakaa Marseille muda mrefu huanza kupenda maua yasiyo na faida. Kwetu ua ni la kazi. Asumini huenda kichwani, mrihani huenda kwenye kikuba, waridi hukenekwa likawa marashi, na karafuu, kabla haijawaza kuwa ua, imeshachumwa, imeanikwa, iko kwenye mizani. Lakini huku Ufaransa, Juni ikishika tu, simu ya mama watoto hujaa picha za mashamba ya maua ya rangi ya zambarau, na kichwa changu huanza kuuma, maana mtu wa kutia petroli namjua.

"Baba watoto, mwaka huu twende Valensole."

"Kuna nini?"

"Lavenda."

"Ile ya kwenye sabuni?"

Kanipiga jicho lile la kusema chai ya jioni utajipikia mwenyewe. Nikasema twende.

Sasa sikilizeni adhabu yenyewe. Ati kasoma kwamba jua la asubuhi ndilo zuri kwa picha. Siku ya mapumziko, siku ambayo mfanyakazi wa ghala kama mie nalala mpaka mgongo uniombe radhi, naamshwa alfajiri. Nadhani ni swala tu, kumbe ni swala na safari. Naye kavaa dira jeupe, kwa sababu jeupe linatoka vizuri kwenye zambarau. Hilo halina neno. Neno ni kwamba juu ya kitanda nimewekewa kanzu yangu ya Idi, imepigwa pasi, na kofia ya kiua pembeni.

Kanzu! Shambani! Marehemu baba angeniona nakwenda shamba na kanzu angenitandika bakora pale pale uani. Shamba huendwa na suruali ambayo hata mbwa hataki kuilalia. Nikajaribu kueleza. Nikaambiwa nisilete mambo ya Wete, hii ni Provence, kusini ya Ufaransa.

Basi tukashika barabara kuu ya kaskazini, ile inayofuata mto Durance. Na barabara yenyewe si ya bure, unalipia. Unatoka Manosque, unapanda kilima, na huko juu ndiko kwenye uwanda wa Valensole. Nitasema kweli, maana sitaki dhambi: ukitokeza tu pale juu, maneno yanakwisha. Mistari ya zambarau imenyooka mpaka milimani, ng'ambo ya njia ngano imeiva, na kipande cha alizeti kama mtu kamwaga ndoo ya rangi. Harufu inaingia na madirisha yamefungwa. Nikanyamaza. Mama watoto akaniangalia kwa pembe ya jicho, nikakohoa ili asije akajua.

Kimya changu hakikudumu, kwa sababu ya magari. Jamani! Magari yamepangwa pembeni mwa njia utadhani kuna harusi ya waziri. Mabasi. Watu na miavuli. Maharusi wamesafiri kutoka China na shela lao, bibi harusi kanyanyua gauni, chini ana raba. Kila msichana ana kofia ya ukindu na kikapu cha ukindu. Yaani vitu ambavyo bibi yangu alisuka akauza Wete sokoni kwa bei ya sukari, huku ndiyo vazi la mtu mwenye hela anayejifanya mkulima. Na mkulima mwenyewe? Kaweka kibao: tafadhali msikanyage, msikate. Anayekisoma kile kibao ni mie peke yangu.

Halafu nyuki. Kwenye picha hawaonekani, wale. Lakini kila shina lina nyuki wake, na nyuki wake ana ndugu zake. Wafugaji huleta mizinga yao pembezoni mwa mashamba wakati wa maua ili wapate asali ya lavenda, kwa hiyo wewe unayeingia katikati ya mistari na dira lililofukizwa udi usiku kucha, hukuingia shambani, umeingia ofisini kwa watu. Mama watoto anasema, "Simama hapo, tabasamu." Nikatabasamu vipi? Mmoja yuko kwenye kola.

Hapo ndipo fedheha ilipoanza. Nimesimama katikati ya zambarau na kanzu yangu nyeupe na kofia, nasubiri simu ipate mwanga inaoutaka, akaja bibi mmoja wa Kifaransa, mtu mzima, ana mkongojo, adabu zake zote. Akanisalimia, akaniuliza: "Samahani, baba, wewe ni wa Sénanque?"

Sikuelewa. Akaeleza taratibu. Kumbe upande wa Gordes, katika jimbo la jirani, kuna abasia ya kale ya watawa wa Kikatoliki, imeanza mwaka 1148, iko bondeni, na mbele yake wamepanda lavenda. Ni ile picha iliyoko kwenye kila kadi na kila kalenda ya nchi hii. Na wale watawa huvaa kanzu nyeupe, na kitambaa cheusi juu yake. Sasa huyu bibi kaona mtu kasimama na kanzu nyeupe kwenye lavenda, kimya, uso wa huzuni. Akajua ndiye.

Mie! Niliyehitimu chuo cha Kurani kwa maalim mwenye fimbo ya mpera! Mtu mwenye mke, watoto, na deni la friji! Nikamwambia bibi, hapana, mie natoka Pemba, na yule pale mwenye dira ni mke wangu. Akatazama dira, akatazama kanzu, akasema: "Vizuri sana, siku hizi mambo yamebadilika." Akaondoka kaamini kwamba watawa wameruhusiwa kuoa. Mama watoto akakaa chini kwa kucheka, juu ya kibao cha msikanyage.

Baada ya hapo wale maharusi wa China wakaomba picha na mie. Wakaja wengine. Foleni, wallahi. Ningetoza hata nusu yuro ningelipa ile barabara kwenda na kurudi.

Lakini ngojeni, kilichonikera hasa si hicho. Kwenye duka la karibu na mtambo wa kukeneka mafuta ya lavenda niliambiwa na kijana mwenye aproni kwamba hii tuliyopiga picha si lavenda. Ni lavandini. Chotara, mtoto wa lavenda halisi na lavenda ya nyanda za chini. Haizai mbegu, hupandwa kwa vipandikizi. Ni kubwa, ina nguvu, ina mafuta mengi: kilo kama 40 za maua zinatoa lita moja, wakati lavenda halisi inataka kilo 100 na ushei. Hiyo halisi iko juu milimani, mita 800 kwenda juu kama unataka mafuta yake yapewe muhuri wa asili ya Haute-Provence, na ni fupi, haijipangi vizuri kwenye picha. Mafuta ya ile ya milimani huenda kwenye manukato. Ya hii ya Valensole mengi huenda kwenye sabuni na poda ya kufulia.

Nikamgeukia mama watoto. "Siku ile nilikuuliza nini?"

Akasema tuingie tukaone mtambo.

Hapo naomba nisilalamike kidogo. Ule mtambo unafanya kazi rahisi: maua na mabua yake yanashindiliwa ndani ya pipa kubwa, mvuke unapita chini kwenda juu, unabeba mafuta, unapozwa kwenye bomba lililojizungusha, na mwishoni mafuta yanaelea juu ya maji. Mlango ukafunguliwa, joto likatoka na harufu, na miguu yangu ikasimama yenyewe. Mtu aliyewahi kupita Wawi, pale Chake Chake, kwenye kiwanda cha makonyo, ananielewa. Kwetu karafuu ikishachambuliwa, vile vikonyo havitupwi, vinakwenda pale vinakenekwa mafuta. Harufu nyingine kabisa, lakini ule mvuke ni ule ule, unaingia puani na kukushika nyuma ya kichwa. Nikabaki nimesimama pale mpaka yule kijana akaniuliza kama najisikia vibaya.

Kulikuwa na mzee kakaa kwenye kiti cha plastiki mlangoni, baba yake mwenye mtambo. Yeye ndiye nilimpenda katika nchi nzima siku ile. Akanihadithia mambo ya zamani, kabla ya mashine kuja miaka ya 1950. Watu walikata kwa mundu, wameinama, jua la Julai mgongoni, mfuko wa nguo umefungwa kiunoni. Wanawake, watoto, wachungaji, vibarua kutoka Italia na Hispania. Mitambo mingine ilikuwa midogo, inabebwa na nyumbu mpaka shambani, kwa sababu maua ya milimani kuyashusha ni tabu kuliko kuupandisha mtambo. Mama yake alikuwa mkataji, akalipwa kwa uzito.

Nikamuuliza swali moja tu: "Na mwenye mizani, alikuwa mwaminifu?"

Yule mzee alicheka mpaka meno yakataka kutoka. Nikamweleza habari ya pishi, kile kipimo chetu cha karafuu: mchumaji yuko juu ya mkarafuu tangu asubuhi, tawi linanesa, chini kina mama wanachambua, na jioni mwenye shamba anakuja na pishi lake ambalo halijai hata ulitie bahari. Mzee akapiga goti lake, akasema ndiyo hiyo, ndiyo hiyo hiyo. Kifaransa changu ni cha ghalani, chake ni cha milimani, lakini kwenye habari ya mizani tulielewana mpaka nukta.

Tulipotoka nje tukakuta zogo. Trekta limeingia kwenye lile shamba kubwa tulilotoka, na mashine yake inapita juu ya mstari, inameza zambarau mbele na kuacha vichwa vya kijani vilivyonyolewa nyuma. Wageni wamepandwa na jazba! Mmoja kasimama mbele ya trekta na mikono juu. Mwingine analia, ati kasafiri mbali, kesho ndiyo zamu yake ya picha. "Kwa nini unakata na bado ni mazuri?"

Yule dereva, kavaa kaptula, mikono imeungua jua, akazima injini. Akasema, bila hasira, kwamba yeye halimi picha, analima mafuta, na maua yakipita wakati wake mafuta hupungua. Kisha akawasha injini.

Nilitaka kwenda kumpa mkono. Hebu fikirieni mtu aje Pemba, amkute mchumaji juu ya mti, amwambie, "Tafadhali ziache karafuu zichanue, nimekuja kupiga picha." Karafuu iliyochanua imekwisha thamani! Sisi furaha yetu ni kuliwahi ua lisiwe ua. Hawa wanalisubiri liwe ua, wakishalipata wanapewa wiki chache za wageni, halafu mashine. Ndiyo maana sijawahi kuona basi la watalii limesimama kwenye shamba la karafuu siku ya kazi. Hakuna rangi. Kuna watu wanafanya kazi tu, na nani atavua viatu apigwe picha na hao?

Mama watoto hakusikia hotuba yangu, alikuwa kibarazani kwa bibi mmoja anayesuka vifundo vya lavenda. Unachukua mabua mabichi, makavu hukatika, lazima hesabu yake iwe witiri, isiyogawika kwa mbili, usije ukayafanya shufwa maana utepe hautapishana. Unayafunga chini ya maua, unayakunja yafunike maua, kisha unapitisha utepe juu, chini, juu, chini, mpaka yanakuwa kama kizinga kidogo, maua yamefungwa ndani. Unakitia kabatini, nondo hawagusi nguo. Wageni wengine wanahangaika, ulimi nje. Mama watoto kaangalia mara moja. Mwanamke aliyezaliwa anasuka ukili wa mikeka, atashindwa na utepe? Kamaliza chake kabla bibi hajamaliza kueleza, akaanza kumsahihishia mwanamke wa Kiholanzi aliyeketi pembeni. Bibi akamwuliza alijifunzia wapi. Mie nikajibu, kwa sauti, "Pemba!" Watu wakageuka. Sijuti.

Hasara iliyobaki ni ya nyumbani. Makabati yote yananuka. Shuka zinanuka. Aiskrimu ya lavenda tulikula njiani, ni kama umelamba sabuni iliyotiwa sukari, na mtoto mdogo akaimaliza yangu pia. Ijumaa nikarudi kutoka kazini nimechoka, nimenusia pilau yetu tangu ngazini, mlangoni kwa jirani yetu Mngazija, nikajua leo kuna heri. Nafunua sufuria: ndani ya pilau, pamoja na bizari nzima na mdalasini, kuna vijiti vya zambarau. "Jaribu tu," kasema. Nimejaribu. Nikaenda kwa Mngazija.

Na haijaisha. Jana kaniita akiwa na simu mkononi. Kumbe kuna mji unaitwa Sault, uko juu zaidi, lavenda yao huchelewa, na kila tarehe 15 Agosti wanafanya sikukuu yake. Kuna mashindano, watu wanakata lavenda kwa mundu kama zamani, nani atakata nyingi.

"Nimeshawaambia Pemba kwenye kundi la familia kwamba unashiriki."

"Mie?"

"Si mtoto wa shamba wewe? Siku ile ulipiga kelele mbele ya Wazungu."

Nikamwambia mtoto wa Pemba huchuma juu, hainami. Waweke lavenda yao mtini, nitapanda hata kwa kamba moja. Akaniambia nisijitie maarifa, kotimiri ya dirishani imeshakuwa ndefu, nianze mazoezi nayo, na nisiing'oe mizizi.