Taa za kuvukia: zipangwe kwa mwendo wa nani?

Barabara ya leni nne, kila leni mita 3.5, ina upana wa mita 14. Ukipanga taa kwa mwendo wa mita 1.2 kwa sekunde, kipimo kilichozoeleka kwa miaka mingi Uingereza, mvukaji anapata sekunde 12 hivi. Sasa mtazame bibi anayetoka Markiti, soko la Mombasa, na kikapu cha nazi, mwendo wake mita 0.8. Sekunde 12 zikiisha yuko leni ya tatu, amebakisha mita 4 na zaidi, na bodaboda zishaanza kunguruma.

Si mzembe huyo. Utafiti uliochapishwa Uingereza mwaka 2012 ulikuta wastani wa mwendo wa wenye miaka 65 na zaidi ni mita 0.9 kwa wanaume na 0.8 kwa wanawake. Marekani ilishusha kipimo chake mwaka 2009, kutoka futi 4 hadi 3.5 kwa sekunde, yaani mita 1.07.

Wanaotetea magari nao wana hesabu. Mzunguko wa taa wa sekunde 90 hurudi mara 40 kwa saa. Ongeza sekunde 6 kwa mvukaji, umeyanyima magari dakika 4. Kwa kuwa gari hupita mstari takriban kila sekunde 2, ni magari 120 kwa kila leni. Foleni ya Digo Road tunaijua. Na ukirefusha mzunguko wote ili kufidia, mtembea kwa miguu anasubiri zaidi juani, anachoka, anajitupa kwenye nyekundu. Hoja hii ina uzito.

Hata hivyo, bibi asilipie foleni kwa maisha yake. Penye soko, hospitali au stendi, taa zipangwe kwa mwendo wa mita 0.8, kwingine 1.07 yatosha. Pima papo hapo: weka alama mbili, pima muda wa watu 100 kati yake kwa saa ya kusimamisha (stopwatch), kisha chukua mwendo ambao 85 kati yao wanaupita. Tena sekunde za kuvuka zianze kijani inapoanza kumeta, si inapowaka. La sivyo anayeanza kuvuka kijani ikikaribia kumeta anapunjwa.

Pasipo nafasi ya sekunde hizo, gawa barabara kwa kisiwa cha katikati, pa kusimama mvukaji: kila nusu, mita 7 kwa mwendo wa 0.8 ni sekunde 9 tu. Lakini kisiwe chembamba. Chini ya mita 2, hamali akisimama hapo, mkokoteni wake unabaki ndani ya leni.