Sekunde moja haitoshi kuipima kafara

Makala ninayoijibu inahukumu injini za chesi, yaani programu zinazocheza chesi, kwa kuzipa hali za kafara (mipangilio ya ubao ambayo hatua bora ni kutoa kete makusudi ili kufaidika baadaye), sekunde moja kila hali, kisha kuhesabu majibu sahihi. Kipimo hicho kina matundu. Kafara huonekana hasara tupu mwanzoni, kwa hiyo injini huipunguzia kina cha utafutaji (idadi ya hatua inazotazama mbele) na kukimbilia hatua nyingine. Toa angalau sekunde 60, uandike hatua ilionekana kwenye kina gani na kama ilishikiliwa hadi muda kuisha. Kuipata kisha kuiacha si kuipata.

Futa kumbukumbu ya hashi, inakohifadhi injini hesabu zake, kabla ya kila hali, la sivyo mabaki ya hesabu zilizopita yataibeba injini. Ukitumia nyuzi nyingi za prosesa, yaani hesabu zinazoendeshwa sambamba, majibu hubadilika, hivyo rudia mara tano au tumia uzi mmoja. Uchambuzi wa mistari mingi kwa pamoja (injini kuonyesha hatua kadhaa bora badala ya moja) uzime. Unailazimisha injini kuchunguza hatua ambayo ingeipuuza.

Ila tatizo kubwa ni hali zenyewe. Ngome ya Garry Kasparov kula kwenye mraba wa d4 dhidi ya Veselin Topalov, mashindano ya Wijk aan Zee 1999, inapendeza mno, lakini kama Topalov angeikataa kwa kupeleka mfalme b6, angejinusuru. Injini isiyoichagua ina kosa gani? Afadhali kupima kwa askofu wa Alexei Shirov kwenda h3 dhidi ya Topalov huyohuyo, mashindano ya Linares 1998. Hapo kafara inashinda kweli, japo malkia wameshatoka ubaoni na shambulio hakuna.