Paa kabla ya karatasi

Tangu 1977 sheria ya Uingereza inazibebesha halmashauri wajibu kwa watu wasio na makazi. Nchi nyingi hazijafika hapo. Hata hivyo, huko England, sehemu kubwa zaidi ya Uingereza, haki hiyo imewekewa maswali mlangoni. Je, hadhi yako ya uhamiaji inakuruhusu? Je, uko kwenye kundi la kipaumbele, kama wenye watoto, wajawazito au waliokimbia ukatili wa nyumbani? Nyumba uliipoteza kwa kusudi? Una uhusiano na eneo hili, kwa kawaida kwa kuishi hapo miezi 6 kati ya 12 iliyopita? Mtu mzima aliye peke yake na mwenye afya huweza kuondoka na mpango wa maandishi, bila kitanda.

Wanaotetea maswali haya wana hoja nzito. Zaidi ya kaya 100,000 za England zinaishi kwenye makazi ya muda, na gharama yake imepita pauni bilioni 2 kwa mwaka. Chumba apewacho mmoja, mwingine anakikosa. Scotland, sehemu nyingine ya Uingereza yenye sheria zake za makazi, iliondoa kigezo cha kipaumbele mwishoni mwa 2012, hatua ninayoiunga mkono kabisa, lakini Mei 2024 serikali yake ilitangaza dharura ya makazi. Kufuta kigezo hakujengi nyumba.

Nisichokubali ni jinsi ushahidi unavyodaiwa. Sheria ya England inasema wazi: afisa akiwa na sababu tu ya kuamini kwamba huenda mtu hana makazi na ni wa kipaumbele, ampe malazi, kisha achunguze. Kiwango hicho kiliwekwa chini makusudi. Lakini kaunta nyingi za halmashauri hugeuza mpangilio: leta kwanza taarifa za benki, barua ya daktari, barua ya mwenye nyumba. Aliyetoroka kipigo usiku atazitoa wapi? Wapangaji wanaofukuzwa na mwenye nyumba nao huambiwa wasihame hadi watekelezaji wa amri ya mahakama wafike, ingawa mwongozo wa serikali yenyewe unaonya dhidi ya desturi hiyo. Gharama za kesi humwangukia mpangaji, na halmashauri humpokea baadaye akiwa na deni zaidi.

Uhaba wa nyumba hauelezi hayo. Aliyekataliwa ana siku 21 za kuomba uamuzi upitiwe upya, lakini anayerudishwa kwa mdomo hana barua ya kupinga. Kila anayefika kaunta apewe jibu la maandishi siku hiyohiyo, pamoja na sababu zake.