"Weka mbali na watoto." Mbali wapi?

Kila boksi la dawa limeandikwa "Weka mbali na watoto". Sawa. Sasa njoo Manzese, au Buguruni, au Mbagala, uingie kwenye chumba kimoja cha kupanga chenye kitanda cha sita kwa sita, kochi, kabati la vyombo, jiko la gesi na ndoo za maji zimepangwa mlangoni, halafu unioneshe huko mbali. Juu ya kabati? Mtoto wa miaka miwili anapanda ndoo, anahamia kwenye kochi, na ukirudi kutoka kuanua nguo uani unamkuta juu ya kabati anachekelea.

Ndiyo maana sipendi tunavyomrukia mama kila mtoto anapokutwa na vidonge mdomoni. "Alikuwa wapi?" Alikuwa humo humo. Tena mara nyingi dawa yenyewe haikufika nyumbani na boksi wala hilo onyo. Kwenye maduka mengi ya dawa mtaani muuzaji anafungua kopo kubwa, anahesabu vidonge, anavitia kwenye kibahasha, anaandika 1x3 kwa kalamu, basi. Jina la dawa hakuna. Ubuyu nao unauzwa kwenye kifuko kidogo hivyo hivyo, mwekundu, una sukari. Vile vidonge vya kuongeza damu wanavyopewa wajawazito kliniki, vingi navyo ni vyekundu na vimepakwa sukari juu. Unategemea mtoto atofautishe vipi? Na watu wanavichukulia poa kwa sababu "ni vya damu tu", wakati madini ya chuma yakizidi kwa mtoto mdogo yanaunguza tumbo na utumbo, na yanaweza kumuua.

Sisi wenyewe tunamalizia kazi. "Kunywa, ni pipi hii." Tangu 2009 kuna dawa mseto ya malaria ya watoto inayoyeyushwa kwenye maji, ina ladha ya cheri ili wasiiteme, na ni jambo jema kabisa. Lakini dawa ikiwa tamu na ukaiita pipi, kesho ataitafuta mwenyewe. Mwambie ni dawa. Atalia, atanyamaza.

Halafu kuna suala la bibi, ambalo watu hawapendi kulisema. Bibi amekuja kutoka Tanga kuwaona wajukuu, ana presha na kisukari, na dawa zake amezifunga kwenye pindo la kanga au ziko kwenye pochi chini ya mto. Wajukuu wanalala naye. Baadhi ya vidonge vya kisukari, kimoja tu kinatosha kumshusha mtoto sukari mpaka azimie, na inaweza kutokea saa kadhaa baadaye mkiwa mmeshalala. Vya presha navyo si vya kuchezewa. Sasa utampekua mama mkwe pochi? Huwezi. Ninachokiona kinafaa ni kuuliza siku ile ile anayofika, wakati unampokea mizigo na kumpelekea maji ya kuoga: "Mama, na dawa zako tukutunzie wapi?" Likiulizwa mapema linakuwa ukarimu. Likiulizwa baada ya wiki linakuwa kesi.

Wenye friji nao wasijione wamepona. Zile dawa za unga zinazochanganywa na maji, nyingine zinatakiwa zikae kwenye baridi, kwa hiyo chupa inakaa mlangoni mwa friji pamoja na juisi. Kila mtoto wa Dar anajua kufungua friji.

Kuna wanaosema dawa yao ina kile kifuniko cha kubonyeza na kuzungusha. Ni kitu kizuri, Marekani walikitungia sheria mwaka 1970. Ila vipimo vyao vinataka angalau asilimia 80 ya watoto washindwe kukifungua ndani ya dakika 10. Piga hesabu: mmoja kati ya watano anaweza kukifungua na kifuniko bado kikapita.

Mimi napendekeza tranka. Lile dogo la bati lenye kufuli, kama la mwanafunzi wa bweni. Lisukume chini ya kitanda, ufunguo uning'inie juu ya fremu ya mlango, na dawa zote za nyumba ziingie humo, za bibi zikiwemo. Chini ya kitanda hakuna joto kama la juu ya kabati karibu na bati.

Na likishatokea, usimtapishe mtoto, wala usikae kumnywesha maziwa ukisubiri uone. Panado ndiyo inayodanganya watu: siku ya kwanza mtoto anaweza kucheza kama kawaida huku ini linaharibika. Dawa ya kuliokoa ini ipo, na inafanya kazi vizuri zaidi ikianza ndani ya saa 8. Kwa hiyo bodaboda, bajaji, chochote kilicho karibu, hospitali, na ubebe kilichobaki. Daktari atauliza kitu cha kwanza: amekula dawa gani, na ngapi? Ukimwonesha kibahasha kilichoandikwa 1x3 tu, umempa kazi ya kubahatisha. Siku nyingine ukiuziwa hivyo, usiondoke dirishani mpaka muuzaji aandike jina.